Kumi na Saba, Kumi na Nane

12 Novemba

Daftari hili si langu. Nimepewa na Ivania niandike majina ya wakata miwa arobaini na joto la kila siku saa sita mchana. Lina kurasa mia mbili. Zinazobaki nimezichukua mimi, na nikiulizwa nitasema zimeliwa na panya.

Ivania ni daktari, lakini kwangu ni komadre, maana ndiye aliyemshika mwanangu Heydi siku ya ubatizo, na kwetu huo ni udugu mzito kuliko wa damu. Tulikua pamoja hapa kijijini El Guanacastal. Baba yake alikufa kwa figo akiwa na miaka thelathini na tisa. Baba mkwe wangu, arobaini na mmoja. Wote walikuwa wakata miwa. Hapa mwanamume akivuka hamsini watu humtazama kama mtu aliyetoroka jela.

Sasa Ivania amerudi na utafiti wa wataalamu wa ng'ambo, wanaotaka kujua kwa nini figo za wanaume wetu zinakufa mapema hivi. Damu itachukuliwa mara tatu: kabla ya msimu, katikati na mwisho. Vichupa vitaandikwa namba tu. Namba ipi ni ya nani, litajua daftari hili peke yake, na daftari nitakaa nalo mimi, kwa kuwa mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji na watu wananiamini.

"Kiwanda cha sukari hakitaona hata jina moja," alisema Ivania. "Baba yangu kazikwa hapa, komadre. Nitawauza vipi watu wa hapa?"

13 Novemba

Mlango kwa mlango kutwa nzima. Kila nyumba swali ni lile lile: kiwanda kikijua figo yangu inaumwa, nani atanipa buti? Kila Oktoba kiwanda hupima damu, na mwenye figo mbovu hapewi buti wala panga, anarudishwa nyumbani bila hata pole. Nimeapa kwa jina la Heydi mara arobaini. Koo limekauka.

15 Novemba

Damu imechukuliwa kanisani. Mume wangu Evenor alikuwa na visingizio vingi, mara baiskeli imepata pancha, mara tumbo. Nimemvuta kwa mkono. Yeye ni kumi na saba, mdogo wake Lisímaco ni kumi na nane. Hawa wawili wanafanana hata mama yao alikuwa akiwachanganya akiwa na haraka.

"Shemeji, yangu ni nzuri zaidi," Lisímaco akasema akiinua kichupa chake kwenye mwanga. "Tazama rangi. Hii inafaa kuuzwa."

"Nani atanunua damu ya mtu mvivu," Evenor akamjibu.

Lisímaco atamwoa Nubia baada ya Pasaka. Anataniwa na kila mtu na anapenda.

16 Novemba

Nyuzi 34. Msimu umeanza.

21 Novemba

Nyuzi 35. Wamechoma miwa upande wa kusini. Nguo nilizoanika zote masizi, nimefua upya.

28 Novemba

Majibu yamekuja kwa namba. Nimekaa jikoni na daftari nikilinganisha. Kinachopimwa ni uchafu ambao figo imeshindwa kuutoa kwenye damu, na kwa figo nzima hauzidi moja na nukta kidogo. Kumi na nane ana nukta tisa, mzima kama chuma. Kumi na saba ana mbili nukta sita.

Nililisoma tena jina lililo mbele ya kumi na saba, kana kwamba lingebadilika. Evenor Ulloa.

Alipotoka shambani nilimwekea wali na maharage, nikakaa mbele yake.

"Oktoba kiwanda kilikupima kikakupa buti," nikasema. "Figo haiharibiki hivi kwa mwezi mmoja."

Aliendelea kula. "Hawakunipima mimi."

"Walimpima nani?"

"Walipima kitambulisho changu." Akafuta mdomo. "Lisímaco alienda asubuhi na cha kwake, mchana akarudi na cha kwangu na kofia yangu. Yule muuguzi hatazami sura, anatazama mshipa. Usinitolee macho, nusu ya kijiji wanafanya hivyo. Kila ukoo una mtu wake wa kutoa damu."

"Na mimi? Mimi ndiye mhudumu wa afya ndani ya nyumba hii."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Nimeumia kuliko ningeumia kwa mwanamke mwingine. Mwanamke mwingine ningejua pa kumtukana. Huyu amenidanganya juu ya mwili wake, mwili ninaoufulia na kuupikia, na amelala kando yangu akijua. Nilimsihi aache miwa. Akaniuliza tutakula nini. Nikamsihi angalau apumzike kila saa, anywe maji. Akacheka. Wanalipwa kwa uzito wa miwa, na anayesimama kunywa anapitwa na wenzake, na anayepitwa anapewa safu mbaya kesho yake.

29 Novemba

Nyuzi 36. Sikuongea naye.

30 Novemba

Nyuzi 36. Nimeongea naye, maana gesi imekwisha.

7 Desemba

Sikukuu ya Bikira. Nyumba kwa nyumba watu wameimba, wamepiga kelele mbele ya altare, wamegawiwa machungwa na vipande vya miwa. Heydi amejaza mfuko. Evenor akasema, "Watu wanakata miwa wiki nzima, Ijumaa wanapewa miwa kama zawadi," na watu wote wakacheka.

Ivania alikuja toka mjini, akaimba nasi. Baadaye, tukiwa tunamenya machungwa ukumbini, akasema anataka nakala ya orodha, namba pamoja na majina.

"Ulisema majina hayatoki," nikamkumbusha.

"Napeleka barua wizarani. Nataka walete vivuli shambani, maji, saa ya kupumzika. Lakini namba hazimhurumishi mtu, komadre. Nikiandika kumi na saba wanageuza ukurasa. Nikiandika baba wa mtoto wa miaka sita, watasoma."

Alijua nani ni kumi na saba? Hapana, hakujua. Alitaja tu. Lakini Heydi ana miaka sita.

9 Desemba

Nimenakili orodha. Nitaandika hapa nilivyofanya, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Moja hadi kumi na sita nimeandika sawasawa. Kumi na saba nikaandika Lisímaco Ulloa. Kumi na nane nikaandika Evenor Ulloa. Halafu nikaendelea hadi arobaini kwa mwandiko ule ule mzuri.

Nilijiambia ni tahadhari tu. Ikifika wizarani haimdhuru yeyote, na ikifika kwingine, Lisímaco hana mtoto. Nilijiambia pia kwamba yeye ndiye aliyeanza, si ndiye aliyetoa damu kwa jina la kaka yake? Mtu akitaka kujiambia neno hakosi neno.

Ivania nimemkabidhi kwa mkono wangu. Akanibusu mashavuni.

19 Desemba

Nyuzi 35. Wamekuja wageni wa ng'ambo kuona shamba. Tangu alfajiri lori la kiwanda lilikuwa limeshusha turubai za kivuli, mapipa ya maji baridi, hata mabenchi. Wakata miwa walikaa kwenye mabenchi wakiogopa kuyachafua. Mgeni mmoja akamuuliza Evenor, kupitia mkalimani, anadhani chanzo cha ugonjwa ni nini.

"Ni kivuli, bwana," Evenor akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza kukiona, na tayari najisikia vibaya."

Mkalimani hakutafsiri. Jioni lori likarudi kuchukua turubai, mapipa na mabenchi.

24 Desemba

Nakatamali, unga wa mahindi na nyama kwenye majani ya migomba. Evenor kala moja tu. Zamani alikuwa anakula nne.

3 Januari

Nyuzi 36. Miguu yake imevimba. Anasema ni buti.

8 Januari

Nyuzi 37.

Leo alfajiri, kabla malori hayajaondoka, mnyapara Cástulo alipanda juu ya boneti na karatasi. Nilikuwepo, nilikuwa nampelekea Evenor chupa aliyosahau. Akaita majina tisa. Hao tisa warudishe buti na mapanga, figo zao hazifai, kiwanda kinajali afya ya wafanyakazi wake.

Nilikuwa nayafahamu majina yale kwa mpangilio wake, mwandiko wangu ulikuwa ukisomwa kwa sauti. La nne lilikuwa Lisímaco Ulloa Tercero.

Lisímaco alicheka kwanza. "Mimi? Don Cástulo, mimi nilipita Oktoba."

"Ile mashine yetu ni kongwe. Hii ni ya ng'ambo, haikosei."

Watu tisa wakavua buti pale pale, kwenye vumbi, kwa kuwa buti ni za kiwanda. Waliondoka peku. Waliponipita hakuna aliyenitukana. Mmoja tu, don Wenceslao, mtu mzima aliyekuwa akiniita binti, alisimama akasema, "Uliapa kwa jina la mtoto wako." Kisha akaendelea.

Evenor alikuwa juu ya lori. Alimtazama mdogo wake akivua buti, halafu akanitazama mimi. Yeye anajua namba yake, nilimwambia mwenyewe. Alielewa pale pale. Lori likaondoka naye akiwa juu yake.

9 Januari

Hakuuliza. Nami sikusema.

12 Januari

Nimempigia Ivania siku nne. Leo amepokea.

Kiwanda ndicho kilichogharimia utafiti. Amelisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Waliomba orodha, akawapa.

"Na wizara?"

"Barua nitaandika. Komadre, sikiliza. Mtu wa mbili nukta sita akiendelea kukata kwenye joto hili atakufa. Nimewatoa kwenye jua. Ningewatoa vipi vinginevyo?"

"Umewatoa kwenye chakula. Kivuli kilikuja kwa lori kikaondoka kwa lori, hilo hukuliandikia barua."

"Kivuli sina uwezo nacho. Orodha ninayo. Hata shemeji yako. Afadhali Lisímaco yuko nyumbani akilaani kuliko angekuwa shambani. Siku moja utanishukuru."

Nikakata simu. Huyu tulioga naye mto mmoja. Alikula kwa mama yangu miaka yote baba yake alipokuwa anaumwa. Angekuwa mgeni ningesema wageni ndivyo walivyo. Nimesalitiwa na mtu anayejua kila nyumba ya kijiji hiki ina picha ya mwanamume gani ukutani. Na sikuweza hata kumtukana nikashiba, kwa sababu tusi pekee nililokuwa nalo ni msaliti, na hilo lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

20 Januari

Nyuzi 37. Lisímaco amemletea Heydi jogoo wake. Yule jogoo aliyekuwa analala naye chumba kimoja.

"Mtunze, nitakuwa na safari," akamwambia.

"Unaenda wapi, baba mdogo?"

"Alikokwenda babu."

Nilimkaripia asimtishe mtoto. Akasema, "Shemeji, usijali, sina uchungu. Baba alikuwa arobaini na mmoja, mimi nina ishirini na saba, nimewahi foleni tu." Kisha akacheka sana. "Ila fikiria, tulimpitisha Evenor kiwandani kwa damu yangu mbovu. Bahati ya mjinga yule."

Nilichukua kamba nikaenda kumfunga jogoo nyuma ya nyumba.

2 Februari

Nyuzi 38. Amevunja uchumba. Amemwambia Nubia hataki kuoa mtu ili amwachie ujane. Nubia alikuja kwangu na macho yamevimba, akaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo ya afya, mtu wa mbili nukta sita anaishi miaka mingapi.

Nilimjibu kwamba inategemea.

Ningeweza kumwambia, alikuwa hapo mbele yangu, mlango ulikuwa umefungwa. Lakini Evenor ndiye pekee mwenye kazi katika nyumba hizi mbili, na sasa anamlisha na mdogo wake. Nikisema, Evenor atavuliwa buti, na Lisímaco aliyemtolea damu hatarudishiwa zake.

9 Februari

Nubia ameondoka na basi la asubuhi kwenda Kosta Rika kufanya kazi za ndani. Nyuzi 38.

18 Februari

Siku ya kutoa damu mara ya pili. Ivania ametuma muuguzi. Vichupa arobaini, viti vitupu. Hakuja mtu.

19 Februari

Nyuzi 38.

20 Februari

Nyuzi 38. Evenor amekata tani saba. Karudi anatetemeka, akasema ni baridi.

6 Machi

Nyuzi 39.

Walimleta saa saba mchana juu ya trela la miwa. Alianguka kwenye safu yake. Mikono ilikuwa imekakamaa, panga halikumtoka mpaka wakamkunjua vidole. Lisímaco ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari la kwenda hospitali, mgongoni, huku akimtania kwamba ameongezeka uzito.

7 Machi, hospitali ya León

Kipimo ni kumi na moja. Figo zimekwisha zote mbili. Mashine za kusafisha damu ziko sita, na kila moja ina watu wake. Tusubiri nafasi, wamesema. Hawakusema nafasi hupatikanaje, ila mama mmoja wa kwenye benchi alinielewesha.

Evenor ana binamu yake Miami, anaitwa Amílcar, anaumwa figo hizi hizi, za ukoo mmoja. Anasafishwa damu mtaani kwake, anawekewa blanketi na televisheni, na yumo kwenye orodha ya kupewa figo ya mtu. Ana miaka sita kwenye mashine sasa, anatutumia picha akila keki. Ugonjwa ni ule ule, baba wa baba ni yule yule. Tofauti yao ni upande wa mpaka mtu alikougulia. Wale wataalamu wanaosema chanzo hakijulikani waje wakae kwenye benchi hili.

Mchana Ivania, ambaye ni daktari wa hospitali hii, akaingia kwenye wodi kufanya mzunguko wake. Alimwona Evenor, akakunja uso.

"Huyu ni kumi na nane," akasema. "Alikuwa na nukta tisa."

Akanigeukia. Naona alimaliza hesabu yote kabla sijafungua mdomo.

"Ulinipa orodha ya uongo."

"Ulinipa ahadi ya uongo."

"Ndiyo," akasema. Sikutegemea akubali. "Lakini ungeandika kweli, mumeo angekuwa nyumbani tangu Januari."

Nimeyasikia maneno hayo siku nzima. Yalitoka kwa msaliti, na ni kweli, na hilo ndilo sitamsamehe.

8 Machi

Lisímaco alikuja na juisi ambayo mgonjwa haruhusiwi kunywa. Alikaa pembeni ya kitanda akimsugua kaka yake miguu. Akasema, bila kumtazama mtu, "Ningempa figo yangu moja. Shida, yangu ni mbovu."

Evenor alifumbua macho. "Mwambie," akaniambia.

Nikamtoa Lisímaco nje, kwenye uwanja wanakoanika mashuka. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Kumi na saba, kumi na nane, Desemba tisa, mwandiko mzuri.

Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ni mzima?"

"Mzima."

"Tangu Novemba?"

"Tangu Novemba."

"Na kaka yangu alijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilimpa jogoo wangu mtoto wako," akasema. Nilingoja ataje Nubia. Hakumtaja. Akaenda kumtafuta Ivania ofisini, akamwambia achukue figo moja ampe Evenor. Nilimsikia nikiwa mlangoni. Ivania alimjibu kwa upole kwamba upasuaji huo hapa hakuna wa kuufanya, ni wa wanaoweza kwenda ng'ambo. Lisímaco akamuuliza, "Damu yetu ilifika ng'ambo. Figo ndiyo haifiki?"

Alipotoka alinipita kama mtu anayepita nguzo.

30 Machi

Tumepata nafasi ya mashine. Mwenye nafasi alifariki Jumamosi. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, basi la saa kumi alfajiri.

15 Aprili

Nyuzi 39. Sijui kwa nini bado naandika joto.

28 Aprili

Miwa imekwisha. Siku ya kutoa damu mara ya tatu. Muuguzi yule yule, vichupa vile vile. Nilijua hatakuja mtu, nikaenda kukaa tu, kwa aibu.

Saa nne akaja Lisímaco. Akakunja shati.

"Namba ngapi?" muuguzi akauliza.

"Sina namba. Naitwa Lisímaco Ulloa Tercero, na huyu ataandika hivyo." Aliweka kidole kwenye daftari, akangoja nimalize, akasoma herufi moja moja. "Majibu yakija, ayasome yeye, baada ya misa, watu wakiwepo."

5 Mei

Nimeyasoma. Watu walisimama uani mwa kanisa, wale wanane wengine waliovuliwa buti na wake zao, don Wenceslao mbele. Nilianza na orodha ya kweli, nikasema nilivyoibadilisha, na kwa ajili ya nani. Sauti ilinikatika mara mbili na hakuna aliyeniambia pole. Halafu nikasoma: Lisímaco Ulloa Tercero, nukta tisa.

Alivaa kofia yake. Mfuko wa safari ulikuwa tayari begani, sikuwa nimeuona. Basi la Kosta Rika husimama mbele ya kanisa saa tano, naye akapanda. Heydi alikimbia na jogoo kumrudishia. Alimpapasa mtoto kichwani, akamwachia jogoo.

Alasiri mvua ya kwanza imenyesha. Nyuzi 29. Evenor alikuwa kwenye kiti chake barazani, plasta mkononi, akaniuliza kama mdogo wake ameacha neno lolote.

Nikamwambia, "Amekusalimu sana."